Ubalozi, balozi asiye mkazi, konseli wa heshima au ofisi ya biashara: nchi ya mbali inahitaji uwakilishi gani?

Taarifa ya pamoja imeshasainiwa, mara nyingi New York, kati ya wawakilishi wa kudumu wa nchi mbili kwenye Umoja wa Mataifa. Picha ya kupeana mikono imeshapigwa. Kuanzia siku hiyo nchi hizo zina uhusiano wa kidiplomasia, ila upande wa pili hakuna mtu, hakuna ofisi, hakuna hata muhuri. Hapo ndipo mvutano wa nyumbani unapoanza. Wizara ya mambo ya nje inataka ubalozi. Chemba ya biashara inataka mtu wa kutafuta wanunuzi. Raia wanaoishi kule wanataka mtu wa kuwapa pasi mpya bila kupanda ndege kwenda nchi ya tatu.

Wote wana hoja, lakini hawaombi kitu kimoja. Makala hii inaziweka njia nne mezani na kuzipima kwa vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni mamlaka: nani anaweza kusema "serikali yangu inakubali" na mwenyeji akalichukua neno hilo kuwa la serikali. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia wa 1961 unampa kazi hiyo balozi. Konseli, yaani ofisa wa kuhudumia raia na nyaraka, ana mkataba wake, wa 1963, wenye kazi finyu zaidi. Ofisi ya biashara haina mkataba wa dunia unaoilinda.

Cha pili ni gharama, na hapa msiangalie mwaka wa ufunguzi. Mwaka wa kwanza fedha hupatikana kwa sababu kiongozi ameshaahidi hadharani. Mwaka wa tatu ndio mtihani.

Cha tatu ni raia. Chukueni kumbukumbu za miezi 24 iliyopita mhesabu: pasi zilizoombwa, vifo, waliokamatwa, nyaraka zilizotakiwa kuthibitishwa. Kwenye nyaraka kuna mtego. Kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Apostille wa The Hague wa 1961, cheti cha mamlaka ya nyumbani kinatosha na muhuri wa ubalozi hauhitajiki. China imeanza kuutumia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024. Pendekezo la kufungua ofisi kwa sababu ya foleni ya mihuri linaweza kufa siku hiyohiyo mtakapoangalia orodha ya wanachama.

Cha nne, ambacho wengi hukiruka, ni kujua mlango wa biashara umefungwa na nani. Kama matunda yenu hayaingii kwa sababu karantini ya mimea ya kule haijayaruhusu, mlango umefungwa na serikali, na serikali hufunguliwa na serikali. Kama yanaruhusiwa lakini hakuna anayeyajua, mlango umefungwa na soko, na balozi hata awe hodari namna gani si mchuuzi. Makosa mengi ya kuchagua uwakilishi huanzia kwenye kuchanganya milango hii miwili.

Cha tano ni namna ya kutoka siku mambo yakibadilika.

Ubalozi wenye makazi

Mamlaka. Ndiyo njia yenye uzito kuliko zote. Nyumba ya ofisi haiingiliwi bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi (kifungu cha 22), wanadiplomasia hawakamatwi (kifungu cha 29), na mawasiliano yana kinga. Hatua zinafuatana: makubaliano ya kufungua ofisi, kisha jina la balozi mteule kupelekwa kimyakimya kuombewa ridhaa, kisha hati za utambulisho. Mwenyeji akimkataa mteule halazimiki kutoa sababu. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 4. Mara nyingi hata hasemi hapana, anakaa kimya tu miezi ikapita. Ndiyo maana kumtangaza balozi magazetini kabla ridhaa haijafika ni kujitafutia aibu.

Wenye uzoefu hutanguliza kaimu, yaani ofisa anayeongoza ofisi bila ya balozi. Huyo anapanga nyumba, anaajiri dereva na mkalimani, na anafungua akaunti ya benki. Akaunti isidharauliwe. Benki nyingi huziona akaunti za balozi kama hatari kisheria, hasa za nchi ndogo zisizo na miamala mikubwa. Mwaka 2010 ubalozi wa Angola mjini Washington ulifungiwa akaunti na benki yake, na ubalozi usio na akaunti haulipi mshahara wala kodi ya pango. Ombeni barua ya benki kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Gharama. Nyingi, na karibu zote hazipungui hata kazi ikipungua: pango la ofisi na makazi ya balozi, posho za utumishi wa nje, ada za shule za watoto, bima ya afya, tiketi za likizo, makontena ya kuhamisha vyombo kila watumishi wanapobadilishana vituo. Bajeti hupitishwa kwa sarafu ya nyumbani ikatumika kwa sarafu ya kigeni. Sarafu ya nyumbani ikishuka katikati ya mwaka, pango linaingia malimbikizo ingawa hakuna aliyeiba wala kukosea. Nafuu ipo kwenye kodi, lakini mara nyingi hulipwa kwa kurejeshewa, na kwa msingi wa "mkitupa tunawapa". Asiyetunza risiti harejeshewi.

Raia. Huduma zote: pasi zenye alama za vidole, hati za dharura za kusafiria, kuwatembelea waliokamatwa, kusafirisha maiti. Mkataba wa 1961 hauuzuii ubalozi kufanya kazi za konseli, kwa hiyo hakuna haja ya ofisi ya pili katika mji uleule.

Biashara. Hapa inafaa kuona kazi yenyewe ilivyo. Tuchukue parachichi au tunda lolote bichi. Mamlaka ya afya ya mimea ya nyumbani inaandika barua ya kuomba soko. Mwenyeji anaomba orodha ya wadudu na magonjwa ya zao hilo, anafanya uchambuzi wa hatari, anarudisha maswali, anakuja kukagua mashamba au anakagua kwa video. Ndipo rasimu ya itifaki inapoandikwa, inasainiwa, na mashamba na nyumba za kufungashia vinasajiliwa kimojakimoja. Mlolongo huo huchukua miaka, na mara nyingi haukwami kwenye sayansi. Unakwama pale ambapo maswali ya mwenyeji yametumwa kwa anwani ya idara iliyobadilishwa jina, au majibu yamefika na kulala kwenye meza ya ofisa aliyehamishwa. Ofisa wa uchumi anayepita kwenye idara hiyo kila wiki mbili, anayejua faili liko chumba gani, huokoa miezi. Kazi hii haifanywi vizuri kwa barua pepe.

Panapoharibika. Balozi mmoja, mhasibu mmoja na dereva mmoja si ubalozi. Ni ofisi ya mapokezi. Balozi atatumia wiki zake kupokea wajumbe uwanja wa ndege. Chini ya maofisa watatu, mmoja wao akiwa wa uchumi peke yake, msitegemee mlolongo ule wa itifaki usonge. Jambo la pili ni waajiriwa wa hapohapo. Balozi nyingi hudhani kinga inawalinda dhidi ya kesi za kazi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa dhana hiyo mwaka 2017, na mahakama nyingine za Ulaya zina msimamo unaofanana. Mkataba wa ajira wa mpishi uandikwe kwa sheria ya kazi ya mwenyeji.

Kutoka ni kugumu. Kufunga ubalozi husomeka kama tusi hata sababu ikiwa ni bajeti tu.

Balozi asiye mkazi

Mamlaka. Ni balozi kamili, ana hati zilezile za utambulisho, ila anaishi kwingine. Kifungu cha 5 kinaruhusu mtu mmoja kuwakilisha nchi yake katika nchi kadhaa, mradi wenyeji wamearifiwa na hakuna aliyepinga. Kuna namna tatu. Anaweza kukaa nchi jirani na mwenyeji. Anaweza kukaa nyumbani na kusafiri, kama Singapore inavyofanya kwa baadhi ya mabalozi wake, ambao wengine wana kazi zao nyingine. Au mwakilishi wa kudumu New York anaongezewa nchi mbili tatu, njia inayopendwa na nchi ndogo za visiwani kwa sababu nchi zote karibu ziko jengo moja.

Chagueni kwa kuangalia ndege kwanza, ramani baadaye. Mji ulio karibu kwenye ramani unaweza kutaka kubadilisha ndege mara mbili, na ule wa mbali ukawa na safari ya moja kwa moja. Angalieni pia kama nchi mnayomweka balozi na nchi anayoiwakilisha zinapatana. Wenyeji wengine huudhika wakihudumiwa kutoka kwa hasimu wao.

Gharama. Tiketi, hoteli na posho. Ni ndogo kiasi cha kumfanya mhasibu atabasamu, na ni ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Safari ikikatwa, uwakilishi wote umekatwa.

Raia. Dhaifu. Nafuu yake ni timu ya konseli inayotembea: mara mbili kwa mwaka, siku tatu, na mashine ya kuchukua alama za vidole kwenye sanduku. Tarehe itangazwe wiki sita kabla, fomu zijazwe mtandaoni mapema, na malipo yafanyike kabla ya siku yenyewe, la sivyo siku tatu zitaishia kwenye kuhesabu fedha taslimu. Aliyekamatwa usiku wa Jumamosi hawezi kuisubiri timu hiyo.

Biashara. Inatosha kwa mikataba: usafiri wa anga, kuepuka kutozwa kodi mara mbili, ulinzi wa uwekezaji. Hiyo hujadiliwa na wataalamu wa wizara kutoka nyumbani, na balozi hufungua na kufunga mazungumzo. Haitoshi kwa kufuatilia faili la parachichi.

Panapoharibika. Balozi anapeleka hati zake mwaka wa kwanza, anarudi kuaga mwaka wa nne. Dawa ni kuandika kwenye hati ya majukumu idadi ya safari kwa mwaka na nani atakutana naye kila safari. Kifungu kilekile cha 5 kina njia ya kati isiyotumiwa vya kutosha: ofisi ndogo ya kidiplomasia inayoongozwa na kaimu, huku balozi akikaa nchi nyingine. Ina kinga kamili na mlango wa kudumu, bila makazi ya balozi. Na kutoka kwake hakupigi kelele.

Konseli wa heshima

Hii ndiyo njia inayopendwa kuliko inavyoeleweka.

Mamlaka. Konseli wa heshima kwa kawaida ni mkazi wa hapo, mara nyingi raia wa nchi mwenyeji: wakili, mwenye kampuni ya meli, mfanyabiashara. Si mwanadiplomasia. Kinga yake ni ya matendo ya kazi tu, na familia yake haina kitu. Ofisi yake inalindwa na mwenyeji dhidi ya wavamizi, lakini haina ile hadhi ya kutoingiliwa iliyo nayo nyumba ya ubalozi. Na nchi hailazimiki kuwateua wala kuwapokea makonseli wa aina hii. Kifungu cha 68 cha mkataba wa 1963 kinaliacha kwa hiari, kwa hiyo muulizeni mwenyeji kwanza.

Hatua ni hizi: kuchunguza mwenendo na madeni ya mteule, kumpendekeza kwa waraka wa kidiplomasia, kupata ridhaa ya wazi ya mwenyeji kama ni raia wake, kumpa hati ya uteuzi inayotaja eneo lake, na kungoja kibali cha mwenyeji cha kuanza kazi. Kabla ya kibali hicho bango lisipigwe ukutani.

Gharama. Halipwi mshahara. Anaweza kuruhusiwa kubaki na sehemu ya ada au kurudishiwa matumizi fulani. Bendera, ngao, mihuri na samani za ofisi kutoka serikalini huingia bila ushuru kwa masharti ya kifungu cha 62. Gari lake binafsi halimo.

Raia. Ana faida ambayo balozi mgeni hana: anamjua mkuu wa polisi, anajua hospitali ipi ina chumba baridi cha maiti, anazungumza lugha. Raia akifariki, yeye ndiye atakayefuatilia cheti cha kifo, tafsiri yake, cheti cha kuhifadhi maiti na kibali cha kusafirisha, siku ileile. Pasi za alama za vidole kwa kawaida hatoi, wala asiachiwe stika za viza bila kudhibitiwa. Kama anazo, ziwe na namba, na kila mwezi aeleze kwa maandishi zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki.

Biashara. Hufungua milango ya soko haraka, hasa kwenye mji wa bandari ulio mbali na mji mkuu. Lakini ni mfanyabiashara. Akiwa anaagiza kahawa yenu, muuzaji mwingine wa kahawa kutoka kwenu akija kuomba orodha ya wanunuzi, atapewa orodha gani?

Panapoharibika. Mwaka 2022 waandishi wa uchunguzi wa ICIJ na ProPublica walionyesha jinsi cheo hiki kinavyotumiwa vibaya katika nchi nyingi. Lakini hata pasipo ubaya kuna jambo dogo linaloharibu kazi: kabati. Kifungu cha 61 kinalinda nyaraka za konseli wa heshima kwa sharti kwamba zimetengwa na karatasi zake nyingine. Nakala ya pasi ya raia wenu ikikaa faili moja na ankara za kampuni yake, siku maofisa wa kodi watakapoikagua kampuni, ulinzi huo umekwenda. Mnunulieni kabati la chuma lenye kufuli lake, na anwani ya barua pepe isiyo ya kampuni. Mkataba wake uwe wa miaka mitatu hadi mitano, unaoongezwa kwa tathmini. Uteuzi usio na mwisho hugeuka urithi, na mtoto hukalia kiti cha baba bila yeyote kuulizwa.

Ofisi ya biashara

Mamlaka. Haisemi kwa niaba ya serikali. Isipokuwa kuna makubaliano maalumu kati ya nchi mbili, iko chini ya sheria za mwenyeji kama kampuni nyingine: usajili, vibali vya kazi, kodi ya mapato ya wafanyakazi. Mifano mikubwa ni JETRO ya Japani, iliyoanza 1958, na KOTRA ya Korea Kusini ya 1962. Zipo pia ofisi zinazofanya kazi za ubalozi kwa jina jingine kwa sababu ubalozi hauwezekani kisiasa. Taasisi ya Marekani mjini Taipei, Taiwan, iliyoundwa 1979, ni mfano maarufu. Hiyo ni hali ya pekee, isiigwe kwa kubana matumizi.

Gharama. Watu wawili na chumba kimoja vinatosha kuanza, na chemba ya biashara inaweza kuchangia. Mpimeni mkuu wake kwa matokeo: wanunuzi waliohakikiwa, mizigo ya kwanza iliyofika, malalamiko yaliyotatuliwa. Idadi ya maonyesho aliyohudhuria haipimi kitu.

Raia. Hakuna. Bandikeni hivyo mlangoni, maana watakuja.

Biashara. Nguvu yake iko kwenye mambo madogo yanayogharimu sana. Mzigo mzuri unaweza kuzuiwa bandarini kwa sababu ya palleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo: kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia, ISPM 15, kinataka mbao zitibiwe, kwa kawaida kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo mpaka kwenye kiini, na zipigwe alama. Palleti moja isiyo na alama inaweza kusimamisha kontena zima. Ofisa wa biashara anayejua bandari ile atamwambia muuzaji kabla mzigo haujapakiwa. Atajua pia kwamba chakula kinachokwenda China, tangu 1 Januari 2022, kinataka kiwanda kilichosajiliwa na forodha ya kule, na kwamba kwa baadhi ya bidhaa maombi lazima yapitie mamlaka ya nchi inayouza. Hapo anagonga ukuta wake: anahitaji barua ya serikali, na yeye si serikali.

Panapoharibika. Mara nyingi ni ugomvi wa nani bosi, wizara ya biashara au balozi aliye karibu. Amueni kwa maandishi kabla ya kupanga chumba. Kuifunga ni rahisi kuliko zote: lipeni madeni, futeni usajili.

Kuazima mlango wa mwingine

Nchi tano za Nordic, kaskazini mwa Ulaya, zimekuwa na eneo moja la balozi mjini Berlin tangu 1999, kila moja na jengo lake, na jengo moja la pamoja. Mkataba wa 1963, kifungu cha 8, unaruhusu konseli wa nchi moja kuhudumia raia wa nchi nyingine, mwenyeji asipopinga. Uswisi imesimamia maslahi ya Marekani nchini Iran tangu 1980. Kama jirani yenu tayari ana ofisi kule, mwombeni chumba kabla ya kupanga jengo.

Kulingana na hali yenu

Mna maelfu ya raia kule, wengine magerezani, wengine wafanyakazi wa majumbani: ubalozi wenye makazi, au walau ofisi ya kaimu yenye ofisa wa konseli. Konseli wa heshima asibebeshwe magereza peke yake, hasa kama biashara zake zinategemea hisani ya serikali ileile iliyowafunga.

Raia ni wachache, bidhaa zinazuiwa na sheria za karantini au leseni: ofisi ya kaimu chini ya balozi asiye mkazi. Ofisa wa uchumi ndiye aajiriwe kwanza, kabla ya dereva.

Bidhaa zinaruhusiwa, wanunuzi hawawajui: ofisi ya biashara mji wa bandari au wa viwanda, hata kama mji mkuu uko kwingine.

Watalii na mabaharia wenu hupita kwenye bandari moja, wachache kwa mwaka: konseli wa heshima kwenye bandari hiyo, na namba ya simu ya ubalozi wa karibu mlangoni pake.

Mnachotaka ni kura zao kwenye mashirika ya kimataifa na mkataba mmoja au miwili: New York inatosha, mradi safari ya kwenda mji mkuu wao iwe na fungu lake kwenye bajeti.

Na kama bajeti ya mwaka wa tatu haina mwenyewe, anzeni na konseli wa heshima wa miaka mitatu na balozi asiye mkazi wa kumsimamia, huku ofisa mmoja nyumbani akiandika kila mwezi maombi yaliyokwama na sababu za kukwama. Orodha hiyo ndiyo mtakayoipeleka hazina mkiomba ofisi kubwa zaidi.